Kabla Hujaambiwa "Giaboksi Imekufa"

Ijumaa moja ya mwisho wa Desemba palikuwa na bahasha mbili juu ya kabati la nyumbani kwetu. Ya kwanza ilikuwa na karo ya muhula wa kwanza ya watoto wetu wawili. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa nje neno "Gari", na ndani yake hamkuwa na kitu. Kesho yake asubuhi, fundi wa gereji niliyoizoea alitoa kichwa chini ya boneti ya Corolla yetu, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba: "Dada, giaboksi imekufa. Mwambie shemeji atafute nyingine." Bei aliyoitaja ilikaribiana sana na kiasi kilichokuwamo katika bahasha ya kwanza.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, ya kizazi kile ambacho mafundi hukiita 110, kilichotoka Japani kuanzia mwaka 1995 hadi 2000. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, kisha likatumika hapa kwa mwenyewe wa kwanza, na sisi tukawa wa tatu. Lina gia za otomatiki. Maradhi yake yalikuwa haya: kila nilipotoa gia kwenye P na kuingiza R au D, gari liligutuka kwa kishindo, mfano wa gari lililogongwa kwa nyuma. Likishaondoka, lilikwenda vizuri.

Sikuitoa bahasha. Nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe na masanduku mawili ya spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limeanza lini?"

"Majuma matatu sasa."

"Likiwa barabarani gia zinapanda na kushuka sawasawa?"

"Sawasawa, mzee. Kishindo ni pale ninapoingiza R au D tu."

"Basi mbona mnamzika mtu anayepumua?"

Alimkalisha kijana wake kwenye usukani, akamwamuru avute breki ya mkono na kukanyaga breki ya mguu kwa nguvu, akahakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, kisha akafungua boneti na kunisogeza pembeni nitazame. Kijana alipoingiza D, injini nzima iliinuka upande mmoja. Alipoingiza R, ikalala upande wa pili. Mpira mmoja wa maunti, yaani ule unaoishikilia injini kwenye bodi, ulikuwa umechanika kabisa. Kishindo nilichokisikia kilikuwa ni injini ikijigonga, wala si giaboksi. Mpira mpya ulifungwa siku ile ile, na karo ikalipwa kwa wakati.

Nimekueleza kisa hiki, msomaji, si kwa kuwa mimi ni fundi. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, na siku ile nilikuwa sijui maunti ni mnyama gani. Lakini tangu hapo nimekaa chini ya mwembe ule Jumamosi nyingi nikiuliza maswali, na niliyojifunza yananionyesha kuwa familia nyingi zenye gari moja la mtumba hulipia ugonjwa ambao gari halina, ilhali ule lilio nao unaachwa uendelee kula.

Tuanze na giaboksi ya otomatiki, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi. Mashine hizi si ngeni. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuziuza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hazina pedali ya klachi. Mahali pa klachi pana dude la mviringo lililojaa oili, na ndani yake mna mapangaboi yanayotazamana. Moja huzungushwa na injini, nalo huisukuma oili, na oili hulizungusha lile la pili ambalo limeungana na giaboksi. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopitishwa katika vijia vyembamba ili kuzibana sahani za gia, ndiyo inayolainisha meno, na ndiyo inayobeba joto na kulitoa nje. Ukiyafahamu hayo utaona mara moja kwamba katika giaboksi hii oili si kilainisho tu. Ni kiungo cha kazi kama lilivyo gurudumu lenyewe.

Adui wa oili hiyo ni joto, na joto halipatikani mbali. Foleni ya jioni ya Dar es Salaam, mwendo wa kwenda na kusimama, kiyoyozi kikiwaka na watu watano ndani, hulitesa giaboksi kuliko safari ndefu ya barabara tambarare. Kadhalika mlima. Apandaye Kitonga kuelekea Iringa akiwa na mzigo, huku gia ikiruka juu na chini kila baada ya nukta chache, afadhali azime kitufe cha O/D, au ashushe mkono hadi kwenye 2 pale mlima unapokaza, ili giaboksi itulie katika gia moja. Wakati wa kuteremka hali ni hiyo hiyo, na hapo injini humsaidia kushikilia gari ili breki zisiungue.

Namna ya kuipima oili ni rahisi, lakini wengi huipima isivyo. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Oili ya giaboksi ya Toyota nyingi za zamani hupimwa injini ikiwa inawaka. Endesha gari mpaka lipate moto sawasawa, lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, kisha pitisha mkono wa gia pole pole katika kila nafasi na uurudishe P. Injini ikiendelea kunguruma, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena. Utaona alama mbili, ya baridi na ya moto. Wewe tazama ile ya moto. Magari mengi ya karibuni hayana dipstiki hiyo kabisa, na kuyapima ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Sasa itazame oili yenyewe na uinuse. Ikiwa mpya huwa nyekundu, rangi iliyotiwa makusudi ili isichanganywe na ile ya injini. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, sahani zimekwisha kuanza kuungua pamoja nayo. Na ikiwa imegeuka rangi ya waridi, nzito kama maziwa yaliyotiwa sharubati, usiliwashe gari tena. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Kijia chake kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi, na giaboksi inayokunywa maji haikai siku nyingi.

Mafundi makini chini ya mwembe hukadiria kubadili oili kila kilometa 40,000 kwa gari la mijini. Hapa pana mambo mawili ambayo yamewatia wengi hasara. La kwanza ni aina ya oili. Corolla yetu hutumia ya jamii ya Dexron. Toyota zilizofuata zilikuja na T-IV, kisha WS. Honda, Nissan na Mitsubishi nao wana zao. Na giaboksi za mkanda, zile ziitwazo CVT, zina oili yao pekee. Atakayekuambia kwamba "zote ni nyekundu, zote ni sawa" mwache aweke kwenye gari lake. Kitabu cha gari au maandishi yaliyogongwa kwenye dipstiki ndiyo hakimu.

La pili ni kiasi. Ukiifungua nati ya sampu, haitoki oili yote. Zaidi ya nusu hubaki ndani ya lile dude la mviringo na katika vijia. Kwa hiyo pima kilichotoka, ujaze kadiri hiyo hiyo, upime tena kwa dipstiki. Ukitaka kuisafisha yote, rudia baada ya majuma machache, mara mbili au tatu. Kwa gari ambalo halijabadilishwa oili kwa miaka mingi, njia hii ya pole pole ina salama kuliko mashine za kusukuma oili kwa nguvu, ambazo huweza kuziamsha takataka zilizolala na kuzipeleka kwenye vijia. Mwambie fundi afungue na sampu. Ndani yake mna sumaku ndogo. Tope la kijivu laini juu yake ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari nyingine. Na ikiwa giaboksi imekwisha kuteleza, yaani injini inapiga kelele na gari haliendi, usitegemee kwamba oili mpya itaiponya.

Tabia za dereva nazo zina sehemu yake. Usitupe mkono kwenye P kabla gari halijasimama kabisa. Ukiegesha kwenye mteremko, vuta breki ya mkono kwanza, liache gari liegemee breki, ndipo uweke P. Vinginevyo uzito wote unaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma. Na gari likiharibika njiani, usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi huzunguka kavu.

Endapo hukumu ni kweli kwamba giaboksi yafaa ibadilishwe, usikimbilie Kariakoo au Gerezani mikono mitupu. Ndani ya chumba cha injini cha Toyota hizi pana kibati kilichogongwa maandishi, na mojawapo ya mistari yake ni namba ya giaboksi. Inakili. Corolla mbili zinazofanana kwa sura zaweza kuwa na giaboksi mbili zisizoingiliana hata kidogo.

Wenye gia za kukanyagia klachi wana shida chache, na dalili zake husema wazi. Injini ikipandisha kelele mlimani bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Gia zikiwa ngumu kuingia zote, mtazame klachi kwanza: huenda haiachii, au mafuta yake yanavuja. Ikikwaruza gia moja tu, hasa ya pili, basi ni ile ringi ya shaba inayosawazisha mwendo wa meno. Mvumo unaosikika ukiwa umeachia pedali na kukoma ukiikanyaga hutoka kwenye beringi ya mbele ya giaboksi. Unaoanza unapokanyaga ni wa beringi ya klachi. Oili yake nayo si ya kubahatisha, maana zipo oili kali za difu ambazo hula ile shaba.

Sasa tushuke chini, kwenye miguu ya gari. Nakiri kwamba sehemu hii nilikuwa nikiidharau. Giaboksi ikifa hukutia umaskini. Miguu ikivunjika huweza kukuua.

Mwaka juzi jirani yetu alikuwa akirudi kutoka Morogoro na mkewe, watoto watatu na gunia la mpunga. Kwa miezi miwili gari lake lilikuwa likigonga "kot, kot" upande wa kushoto, naye akaongeza sauti ya redio. Walipokuwa wakikata kona kuingia mtaani kwetu, mwendo wa mtu kutembea, gurudumu la kushoto la mbele lilijilaza kama mguu uliovunjika kifundo, na bodi ikakaa chini. Boljointi ilikuwa imechomoka. Tulisimama pale, watoto wakicheka kwa sababu gari lilikuwa limepiga goti. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama barabara kuu waliyokuwa wameiacha dakika mbili tu zilizopita, ambako alikuwa akienda kilometa 80 kwa saa.

Boljointi ni kichwa cha chuma cha mviringo ndani ya kikombe, mfano wa nyonga ya mtu. Huunganisha gurudumu na mkono wa chini ambao mafundi huuita wishiboni. Juu yake, katika magari mengi madogo, husimama mguu mmoja wenye shokapu na springi pamoja, muundo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Ni muundo mwepesi na wa bei nafuu, lakini kila kiungo chake kina kazi, na kila kiungo kikichoka kina lugha yake.

Jifunze kuisikiliza. Mgongo mdogo mdogo unaosikika unapopita juu ya vijiwe au rasta, hasa upande mmoja ukipanda kabla ya mwingine, mara nyingi ni stabilaiza linki. Ni kitu cha bei ndogo. Kishindo kimoja kizito unapokanyaga breki au kuondoka hutokana na bushi za wishiboni zilizokatika. Ukigeuza usukani gari likiwa limesimama nawe ukasikia springi ikiruka "tang", shuku beringi ya juu ya shokapu. Sauti ya "ta-ta-ta" wakati wa kukata kona kali huku ukiongeza mwendo si ya miguu hata kidogo. Ni jointi ya nje ya shafti. Jointi hiyo aghalabu huuawa na mpira wake kuchanika na grisi kumwagika. Mpira huo na grisi mpya, vikiwahiwa kabla ya sauti kuanza, huokoa shafti nzima. Basi inama siku moja kwa juma utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Grisi iliyotapakaa hailazimu utaalamu kuiona.

Kwa shokapu, likandamize gari kwa nguvu kwenye kona moja, kisha uachie. Likiinuka na kutulia, nzuri. Likicheza mara tatu au nne, zimekwisha. Itazame pia shokapu yenyewe: vumbi la kawaida si neno, lakini ikiwa imelowa oili kuanzia juu hadi chini, imekufa. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, la sivyo gari litakuwa na miguu ya umri tofauti.

Tairi nazo ni daftari la miguu. Iliyolika katikati ilijazwa upepo kupita kiasi. Iliyolika kingo zote mbili iliendeshwa na upepo mdogo. Iliyolika upande wa ndani tu inalalamikia alaimenti au bushi. Yenye mabonde mabonde, ambayo mkono ukipita juu yake unahisi mawimbi, imekuwa ikirukaruka kwa sababu ya shokapu mbovu.

Kupima boljointi kwahitaji kuliinua gari, na hapa nakusihi usikilize. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuegemezea. Weka mawe au vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, tia stendi imara chini ya bodi, na usiingize hata mkono kabla ya hapo. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Ulegevu wa namna hiyo ni wa boljointi au wa beringi ya gurudumu. Ili kutofautisha, mtu akanyage breki: ulegevu ukitoweka, ni beringi, ukibaki, ni boljointi. Ushike tena kulia na kushoto. Ulegevu wa hapo huwa wa tairodi, zile fimbo zinazopokea amri ya usukani. Boljointi au tairodi yenye ulegevu haingoji mwisho wa mwezi.

Yapo mambo mawili ambayo hata mafundi wazuri huyapuuza. Bushi za mpira hazitakiwi kukazwa gari likiwa linaning'inia. Nati zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira huwa umesokotwa tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi michache utaulaumu uchina wa bushi bure. Jambo la pili ni springi. Springi iliyomo katika mguu wa shokapu imebanwa kwa nguvu ya kutisha. Ukiona fundi anafungua nati ya juu bila vibanio vyake, wewe na watoto wako ondokeni mahali hapo.

Kuna na mtindo wa kulinyanyua gari kwa spesa ili lisigonge matuta. Naielewa sababu, mtaa wetu nao una matuta yaliyojengwa na mtu asiye na gari. Lakini ukilinyanyua mno, shafti hukaa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, jointi huchoka upesi, na alaimenti hupotea. Kiasi kidogo huvumilika. Kinachomfanya mama mzee ashindwe kupanda kimezidi.

Baada ya kugusa tairodi, wishiboni au shokapu, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, maana tairi mpya mbili zaweza kulika katika safari chache tu.

Corolla yetu ingali inakwenda. Oili ya giaboksi ilibadilishwa kwa awamu tatu, na dipstiki sasa hutoka nyekundu. Jumapili iliyopita nilipoinama kutazama mipira ya shafti, niliona shokapu ya nyuma, upande wa kulia, imelowa oili hadi chini. Zitanunuliwa mbili. Bahasha ya pili imekwisha kuanza kutiwa kitu.